Kunakili Hakujamuua Mchoraji Yeyote

Hoja zenyewe mmezisikia. Hutolewa kwenye ufunguzi wa maonyesho, hurudiwa madarasani, na mwanafunzi wa sanaa hukutana nazo kabla penseli yake ya kwanza haijaisha. Anaambiwa kuchora ni kipaji. Anaambiwa asinakili kazi ya mtu, atajipoteza. Anaambiwa Mwafrika akiwasoma wachoraji wa Ulaya ametekwa akili, na ushahidi unaotolewa ni Tingatinga, ambaye hakuingia chuo chochote cha sanaa. Mimi ni mwanafunzi wa kuchora, na jambo hili linanigusa kwa sababu ndilo linaloamua nitumieje saa zangu za kazi. Nimewasikiliza wanaosema hivyo, nimewafuata mashahidi wanaowataja, na nimekuta kwamba karibu kila shahidi, akiulizwa maswali machache zaidi, anamgeuka aliyemwita. Nawaomba wasomaji mkae kama mahakimu. Tazameni tarehe na kazi zenyewe, kisha mwamue.

Nianze na kipaji. Hoja yao, nikiieleza kwa haki, ni hii: wapo waliozaliwa na mkono wa kuchora na wapo wasio nao, mafunzo hung'arisha kilichokuwepo, hayaumbi kisichokuwepo. Sehemu ya kwanza siipingi. Wape watoto wawili mkaa wa kuchorea siku moja, hawatatoa mchoro unaofanana. Lakini wao hawaishii hapo. Wanadai pengo hilo halizibiki, na dai hilo ndilo lisilosimama. Vincent van Gogh aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa na miaka 27, baada ya kazi ya kuuza picha, ualimu na uhubiri kumshinda. Michoro yake ya watu ya miaka ile ya mwanzo ni migumu, mabega hayakai mahali pake, na miguu haibebi uzito wa mwili. Alichofanya ni kuchukua mafunzo ya Charles Bargue, yaani karatasi zilizochapishwa ili wanafunzi wazinakili, akazinakili moja baada ya nyingine, akazirudia. Mwaka 1890, ambao ndio mwaka aliofariki, akiwa tayari amekamilisha kazi ambazo leo zinajulikana dunia nzima, alimwandikia mdogo wake Theo akitaka kuzinakili tena.

Watamleta Picasso, mtoto wa ajabu aliyechora kama mtu mzima. Basi tumuulize Picasso alilelewa na nani. Baba yake, José Ruiz, alikuwa mwalimu wa kuchora, na mtoto alikua chini ya mkono wake, akichora sanamu za plasta na kunakili kazi za wengine katika umri ambao wenzake hawajui penseli inashikwaje. Kama huo ni ushahidi wa kitu, ni ushahidi wa kuanza mapema ukiwa na mwalimu nyumbani.

Kisha kuna ushahidi ambao msomaji anaweza kuupima mwenyewe leo. Mwambie mtu yeyote asiyefundishwa achore uso. Karibu kila mara ataweka macho juu mno, pale panapopaswa kuwa paji la uso, kwa sababu anauona uso kuwa wa maana na fuvu kuwa si kitu. Macho ya mtu mzima yako karibu katikati ya urefu wa kichwa. Mpe penseli, mwambie anyooshe mkono, afumbe jicho moja, apime kutoka utosini hadi machoni na kutoka machoni hadi kidevuni. Kosa linaondoka siku hiyo hiyo. Mwambie achore kikombe. Mdomo wa kikombe atauchora kama yai, vizuri, lakini kitako atakichora kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa anajua kikombe kimesimama juu ya meza bapa. Anachora anachokijua na kuacha anachokiona. Haya ni makosa ya maarifa, nayo husahihishwa kwa maarifa. Tena angalieni mwenendo wa wanaotuambia kipaji ndicho kila kitu: wao wenyewe humaliza kwa kumwambia mwanafunzi achore kila siku. Kama kilichopo hakiongezeki, mazoezi hayo ni ya nini?

Hoja ya pili ndiyo inayoheshimiwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. Inasema Mwafrika ana jicho lake. Akionyeshwa Rembrandt na Dürer, jicho hilo litafunikwa, naye atabaki kuchora Ulaya kwa mkono wa kuazima. Kwa hiyo alindwe. Wanaoisema huiita ukombozi, na wengi wao wanamaanisha hivyo kwa moyo safi. Mimi nauliza swali moja tu: hoja hii ilitoka kwa nani?

Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930. Alifungua mlango ambao haukuwepo, na shule ya sanaa ya Makerere ina jina lake hadi leo, hilo simnyang'anyi. Lakini imani yake ilikuwa kwamba wanafunzi wake wachore kutokana na hadithi na mawazo yao, wasilishwe mifano ya Ulaya. Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa, alianzisha karakana ya Le Hangar huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1946. Yeye pia aliwaweka vijana wake mbali na sanaa ya Ulaya ili wasiharibike. Frank McEwen, Mwingereza, aliongoza jumba la sanaa la taifa lililofunguliwa Salisbury, ambayo sasa ni Harare, mwaka 1957, na alizipinga shule za sanaa kwa nguvu zake zote. Hao ni Wazungu watatu, katika makoloni matatu, wenye wazo moja. Ukombozi tunaohubiriwa leo kama wetu ulitungwa na walimu wa zama za ukoloni kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuulizwa.

Sitaki mlihukumu wazo kwa rangi ya aliyelitoa. Lihukumuni kwa jinsi wenyewe walivyoishi nalo. Trowell alisoma Slade, London, shule iliyojengwa juu ya kumchora mtu aliyekaa mbele yako na kuwasoma mabingwa waliotangulia. Elimu hiyo aliipokea, akaona haiwafai wanafunzi wake. McEwen alimtaja Gustave Moreau wa Paris kuwa chimbuko la namna yake ya kufundisha. Moreau alifanya nini? Aliwatuma wanafunzi wake kwenye jumba la sanaa la Louvre kunakili. Mmoja wao aliitwa Henri Matisse, aliyekaa humo mwaka 1893 akinakili meza ya matunda ya Jan Davidsz de Heem, na hakuna anayesema Matisse aliishia kuwa Mholanzi wa karne ya 17. Kwa hiyo mwalimu anayesifiwa kwa kukataza kunakili alimtegemea mwalimu aliyefundisha kwa kunakili. Mkanganyiko huu hautatuliki kwa kusema nyakati zilikuwa tofauti. Ama kunakili kunaharibu jicho la mwanadamu, na Matisse angeharibika, au kunaharibu jicho la Mwafrika peke yake. Anayechagua la pili aseme waziwazi kwamba anaamini macho yetu ni dhaifu kuliko ya wengine.

Watasema: lakini kazi za Le Hangar ni nzuri. Ni nzuri kweli. Samaki na ndege wa Pilipili Mulongoy ni wa kusimama mbele yao kwa muda mrefu, na Bela Sara aliyepaka rangi kwa ncha za vidole hana anayefanana naye. Uzuri huo unathibitisha kwamba Pilipili na Bela walikuwa wachoraji. Hauthibitishi kwamba kutojua ndiko kulikowasaidia, kama vile uzima wa mtu asiyekula nyama hauthibitishi kuwa nyama ni sumu. Tena walikaa karakana moja, wakaonana wakifanya kazi, na mwalimu alikuwa akisema lipi limempendeza. Shule ilikuwepo, kilichopunguzwa ni idadi ya vitu vya kutazama.

Shahidi ninayemtaka mimi ni Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro. Alifundishwa na Trowell Makerere, kisha akaenda Slade, London, mle mle ambamo jicho lake lingefunikwa. Baadaye alirudi London tena, safari hii akiwa balozi wa Tanganyika. Mtu huyu aliishi katikati ya majumba ya sanaa ya Ulaya, akayaona yote. Halafu tazameni picha zake: migomba, njia za mlimani, watu wengi wadogo wadogo wakifanya kazi pamoja, ardhi iliyoinuliwa hadi ikajaza picha nzima. London haikumfuta. Kama woga wa wapinzani wetu ungekuwa na msingi, Ntiro ndiye angekuwa mhanga wa kwanza.

Na Picasso, tukimrudia? Mwaka 1907 aliingia jumba la Trocadéro, Paris, akasimama mbele ya vinyago vya Afrika, akatoka na kitu kilichobadilisha mkono wake. Vitabu vyote vinamwita huru kwa sababu hiyo. Nani atueleze kwa nini Mhispania hutajirika kwa kuvisoma vinyago vyetu, na Mtanzania hupotea kwa kuisoma penseli ya Mhispania?

Hapa ndipo hutajwa Mzee Elimo Njau, na lazima atajwe kwa heshima. Alizaliwa Marangu, akasoma Makerere, akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, na katazo lake la kunakili linajulikana Afrika Mashariki nzima: alisema kunakili humlaza Mungu usingizi. Nalichukulia katazo hilo kwa uzito. Lilisemwa katika jiji ambako twiga yuleyule na Mmasai yuleyule walikuwa wakichorwa na kuuzwa kwa watalii bila aliyechora kuwatazama tena, na dhidi ya biashara hiyo Mzee Njau alikuwa sahihi. Lakini tazameni kazi yake kubwa, picha za ukutani alizochora katika kanisa la Murang'a mwaka 1959. Kuzaliwa kwa Yesu, Karamu ya Mwisho, kusulubiwa: mandhari hizo zilikuwa zimechorwa na kuchorwa upya kwa mamia ya miaka kabla yake. Yeye alizileta kwenye vilima vya Murang'a, akawaweka humo watu wa pale. Ni kitendo cha ujasiri, na ujasiri wake unaonekana kwa sababu mtazamaji anaijua Karamu ya Mwisho jinsi ilivyozoeleka na anaona Njau ameigeuza wapi. Asiyejua kilichotangulia hawezi kukigeuza. Wanaobeba katazo lake bila kubeba ukuta wake wamechukua nusu.

Sasa Tingatinga. Hoja yao ina nguvu, na naieleza yote. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha kazi za nyumbani Dar es Salaam, na karibu mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi vya mraba vyenye upana wa sentimita 60 hivi. Hakuwa na chuo wala mwalimu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa, na miaka yake michache ya kazi ikazaa mtindo unaojulikana kote duniani. Kwa hiyo, wanasema, shule ya nini?

Lakini ngojeni kidogo. Ni watu hao hao ambao, dakika kumi baadaye, wakitaka kuonyesha ubaya wa kunakili, hutaja Tingatinga tena. Safari hii hunyoosha kidole kwenye vibanda vya picha na kusema: tazama chui yuleyule mara elfu, hicho ndicho kunakili hufanya. Shahidi mmoja ameitwa mara mbili, na mara ya pili ametakiwa kusema kinyume cha alichosema kwanza. Kama mtindo huo ni fahari yetu, basi ulitufikia kwa kunakiliwa. Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde, Abdallah Ajaba: hao walikaa karibu na Tingatinga, wakamtazama akipaka usuli kwanza, wakamtazama mnyama akijaza ubao, wakafanya kama alivyofanya. Bila wao mtindo ungezikwa mwaka 1972 pamoja na mwenyewe. Tunalinena jina lake leo kwa sababu wapo walionakili.

Na chui wa vibandani? Yupo, na ni tatizo. Ila sababu yake ni mnunuzi. Mtalii anataka picha aliyoiona kwa mwenzake, ya ukubwa utakaoingia begini, kwa bei ya leo jioni, na mchoraji mwenye watoto anaichora. Anayenakili ili auze hana swali kichwani. Analijua jibu na analirudia. Anayenakili ili ajifunze anauliza: mstari huu umeanzia wapi, kwa nini umekatika hapa, kwa nini doa hili ni zito kuliko lile? Kazi yake inabaki daftarini, kama mwanagenzi wa ushonaji anavyofumua koti la fundi wake kuiona mishono ya ndani, wala hauzi vipande hivyo. Kipimo cha kuwatofautisha ni rahisi. Mwondolee mchoraji picha aliyokuwa akinakili, mwambie amchore chui huyo huyo amegeuka upande wa pili. Mmoja ataweza kujaribu. Mwingine atakuomba umrudishie picha.

Wamakonde wanatupa ushahidi mwingine, nao hautajwi kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa alichonga umbo jipya la shetani, lenye viungo vilivyopinda na mwili usiofuata sheria za mwili. Wachongaji wengine walilichukua, wakalirudia, wakalipinda zaidi. George Lilanga alikulia ndani ya uchongaji huo, akaja akawatoa mashetani kwenye mpingo na kuwaweka kwenye picha zenye rangi kali, katika kazi ambazo hakuna atakayedhani ni za mwingine. Toeni kunakili katika mlolongo huo, mwone Lilanga atasimama juu ya nini.

Bado kuna dai la sauti: kwamba hata ukinakili kwa nia njema, mkono wa mwingine utakaa ndani ya mkono wako na hutausikia wako tena. Dai hili linawatisha wanafunzi kuliko mengine yote. Linadhani mtu anaweza kunakili kikamilifu. Hawezi. Van Gogh alizinakili picha mbili za Mjapani Hiroshige mwaka 1887, na huko Saint-Rémy, mwaka 1889 na 1890, alinakili takriban kazi 20 za Mfaransa Millet kutoka kwenye picha zilizochapishwa bila rangi. Ziwekeni kando ya asili zake. Millet ametulia, Van Gogh hakutulia hata pale alipofuata kila mstari. Alijitahidi kuwa Millet akashindwa, na kushindwa kwake ndiko kunakotuonyesha Van Gogh ni nani. Rembrandt, kati ya mwaka 1656 na 1661 hivi, alinakili picha ndogo za Wamughali kutoka India. Zaidi ya 20 kati ya nakala hizo zimesalia. Alikuwa amevuka miaka 50, hakuwa na mwalimu wa kumridhisha, na alikuwa amefilisika. Bado alikaa akafuata mistari ya wachoraji wa India ambao hakuwajua hata kwa majina. Ukiziona unawatambua wafalme wa Kimughali, na unamtambua Rembrandt kabla ya kusoma maelezo.

Nitaeleza kile ambacho kunakili kunafundisha, kwa sababu wapinzani wetu hawakielezi kamwe. Kuna mchoro wa Rembrandt ulio British Museum, wa mtoto anayefundishwa kutembea, uliochorwa kwa wino wa kahawia kwa mistari michache. Mama na dada wamemshika mtoto. Baba amechuchumaa amenyoosha mikono. Nyuma anapita mwanamke mwenye ndoo ya maziwa. Niliutazama mara nyingi nikidhani nimeuona. Nilipoukalia na kuanza kuunakili, ndipo nilipogundua kwamba mkono mtupu wa mwenye ndoo umenyooshwa mbali na mwili, na kwamba hicho ndicho kinachoniambia ndoo imejaa: mwili unatafuta mizani upande wa pili. Hakuna mstari unaoonyesha maziwa. Uzito wote uko kwenye mkono usiobeba kitu. Nikaona pia kwamba mama mkubwa kiumri na dada mdogo hawamshiki mtoto kwa namna moja; mgongo wa mmoja umeinama kwa shida, wa mwingine kwa wepesi, na tofauti hiyo imewekwa kwa mistari inayohesabika. Tangu hapo, nikikaa stendi kuwachora wanawake wanaopita na ndoo za maji, najua pa kutazama. Nachora wanawake wa Dar es Salaam. Rembrandt hayumo kwenye karatasi. Yumo kwenye swali ninalowauliza.

Wengine, wenye kusoma zaidi, huleta maumbile dhidi ya mabingwa. Wanasema Leonardo da Vinci mwenyewe alionya kwamba mchoraji anayeiga wachoraji wenzake huwa mjukuu wa maumbile badala ya kuwa mwana. Ni kweli, Leonardo aliandika hivyo. Katika maandishi yayo hayo aliagiza pia kwamba kijana ajifunze kwanza kanuni za umbali na vipimo vya vitu, kisha anakili mkono wa bwana mzuri ili azoee viungo vilivyo sahihi, kisha ndipo aende kwenye maumbile. Onyo lilikuwa kwa aliyekwama hatua ya katikati na kuigeuza makazi. Mtu anayemnukuu Leonardo ili kuiondoa hatua hiyo hajamsoma, au amemsoma na hakutaka tujue.

Wapo pia wanaosema kamera imeifanya kazi ya kuchora kuwa bure; kwao sitachukua muda mrefu. Nakubali kamera ilituonyesha ambayo jicho halikuyaweza: mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipiga picha za farasi anayekimbia, na ikadhihirika kwamba wachoraji wa vizazi vingi walimnyoosha miguu vibaya. Lakini mwanafunzi anayejifunza uso kwa picha ya simu iliyopigwa karibu atachora pua iliyovimba na masikio yaliyokimbilia nyuma, na kwa kuwa hajui kichwa kimejengwaje, hatajua kwamba amechora kosa la lenzi. Na kama kamera imemaliza kazi ya kuchora, wataalamu wa mimea hawajapata habari. Mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki ulichapishwa kuanzia mwaka 1952 hadi 2012, na hadi mwisho wake ulieleza mimea kwa michoro ya mistari. Picha hukupa jani moja lenye tundu la mdudu. Mchoro hukupa jani la aina hiyo, na mbegu iliyokatwa katikati kando yake.

Linabaki dai la mwisho, nalo husemwa kwa huzuni zaidi kuliko ubishi: hata tukikubali yote hayo, hatuna Louvre. Tutamsoma nani, wapi? Naielewa huzuni hiyo. Kazi nyingi za Ntiro na Lilanga ziko mbali nasi, na mwanafunzi wa Songea au Kigoma huziona, akiziona, kwenye kioo cha simu. Lakini dai lilisema hatuna. Makumbusho ya Taifa yaliyoko Nairobi yana picha ambazo Joy Adamson alizichora za watu wa Kenya na mapambo yao, kazi ya mkono uliokuwa umezoea kuhesabu petali za maua. Unaweza kubishana naye kuhusu alivyowatazama watu wetu, na kubishana huko hufanyika vizuri zaidi ukiwa na penseli. Mwenge, Dar es Salaam, wachongaji wanafanya kazi hadharani na mpingo unaonekana ukitoka kwenye gogo. Milango ya Lamu na Unguja iko barabarani, bila tiketi, na nakshi zake zilipita kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanagenzi kwa mkono kufuata mkono.

Na tuna Kondoa. Zaidi ya mapango na miamba 150 yenye michoro, urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Watu warefu waliochorwa kwa mistari myembamba myekundu, vichwa vikubwa, wanyama waliojazwa kwa michirizi. Namna hiyo ya kuchora mtu inarudi mwamba hadi mwamba, na mahali pengi mchoro umepita juu ya mchoro wa zamani zaidi, na juu yao ukapita mweupe wa watu waliokuja baadaye. Mchoraji wa pale alifanya kazi huku macho yake yakitazama kazi ya aliyemtangulia. Wanaotuambia kwamba Mwafrika wa asili alichora bila kumtazama mwenzake hawajasimama chini ya miamba hiyo. Mwaka 1951 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa huko akinakili michoro hiyo umbo kwa umbo, kazi iliyokuja kuwa kitabu mwaka 1983, na kwa kuwa miamba inazidi kufifia, nakala zake zimebaki kumbukumbu ya mistari ambayo mtu asiyefundishwa akipita leo anaona doa jekundu tu.

Kolo iko barabarani, kati ya Kondoa na Babati. Anayeshikilia kwamba kunakili kunaua, aende na daftari na penseli ya 2B, achague mmoja wa watu wale warefu, akae anakili hadi jua lihame mwambani, kisha aje atuambie mbele yenu ni kitu gani alichokwenda nacho ambacho hakurudi nacho.